Gokati: Kigari cha Injini Iliyotupwa

Gokati ni kigari kidogo cha magurudumu 4. Hakina paa, hakina milango, wala hakina springi za kupunguza mtikiso. Mwendeshaji hukaa chini kabisa, miguu ameinyosha mbele, na injini ipo ubavuni pake au nyuma ya mgongo wake. Ukikiona kimesimama utadhani ni kitanda cha chuma ambacho mtu asiye na kazi amekitia magurudumu. Kikiwashwa, ndipo utakapoondoka njiani upesi.

Wazazi wengi, wakimwona kijana wao akileta nyumbani mabomba ya chuma na injini iliyokufa, humwambia aache kuchezea takataka. Wana haki kwa sehemu moja, nami nitaifikia sehemu hiyo. Lakini kwanza yafaa tujue kigari hiki kilitoka wapi, na kwa nini mtu wa Kisangani hana sababu ya kukitazama kama kitu kigeni. Maana mji wetu wenyewe, kwa habari ya mitambo, ulianza kwa vipande vilivyobebwa vichwani, vikaunganishwa tena na watu ambao wengi wao hawakupata kukaa darasani kujifunza kazi ile.

Mwanzo wa gokati ni mwaka 1956, huko Glendale, jimbo la California, Marekani. Alikuwako fundi aitwaye Art Ingels, mfanya kazi wa karakana ya Kurtis Kraft. Karakana hiyo ilikuwa ikiunda motokari za mashindano, na motokari zake zilikuwa zimekwisha shinda mara kadhaa katika mbio kubwa za Indianapolis. Basi Ingels hakuwa mgeni wa kazi hii. Kazini aliunda motokari ambazo yeye mwenyewe asingeweza kuzinunua. Nyumbani, katika saa zake za mapumziko, akataka kujiundia kigari chake, kidogo, kisichokula fedha.

Rafiki yake Lou Borelli akamsaidia. Wakachukua mabomba ya chuma, wakayachomelea yakawa fremu. Wakatia magurudumu madogo. Injini wakaipata ya West Bend, yenye nguvu ya farasi 2 na nusu tu, iliyokuwa imeundwa kwa ajili ya mashine ya kukatia nyasi. Biashara ya mashine hiyo ilikuwa haikufanikiwa, na injini zimebaki ghalani bila mnunuzi. Hivyo kitu kilichowashinda wafanya biashara kikawa mwanzo wa mchezo ulioenea dunia nzima.

Watu waliokiona kigari kile walicheka, kisha wakaomba wapande. Fundi mwingine, Duffy Livingstone, akaunda chake, akaunda na vya wenzake. Wakawa wanakutana Pasadena, penye uwanja mpana wa kuegeshea motokari karibu na Rose Bowl, wakikimbizana huko mpaka polisi wakawafukuza. Mwaka 1958 Livingstone na wenzake wakaanzisha kampuni ya kuunda gokati za kuuza. Mwaka 1959 kampuni ya McCulloch ikatoa injini ya kwanza iliyokusudiwa gokati hasa. Tena injini hiyo haikubuniwa upya: ilikuwa injini ya msumeno wa mashine, ule wa kuangushia miti, iliyogeuzwa kidogo. Watu wa Tshopo wanaujua msumeno huo kwa mlio wake, maana husikika msituni mbali kabla hujawaona wanaokata.

Baada ya miaka michache vilipatikana viwanja vya gokati Ulaya na Amerika ya Kusini, na mwaka 1964 mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Roma, akashinda Mwitalia Guido Sala. Mwaka huo huo, huko Brazil, baba mmoja alimwundia mwanawe wa miaka 4 kigari cha namna hii, akatia injini ya mashine ya kukatia nyasi yenye nguvu ya farasi 1. Mtoto huyo ni Ayrton Senna, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa motokari mara 3, miaka ya 1988, 1990 na 1991. Siku hizi gokati za mashindano huuzwa kwa bei kubwa, na mtoto wa maskini hazifikii. Mimi naona huko ni kuuacha ukoo. Kigari hiki kilizaliwa katika vitu vilivyokosa mnunuzi.

Sasa turudi mtoni kwetu, tuone jinsi watu walivyofanya kazi ya namna hii hapa kabla Ingels hajazaliwa.

Kila mtu wa Kisangani ajua kwa nini mji upo mahali ulipo. Merikebu yatoka Kinshasa, inapanda mto kilomita 1,734, na hapa inasimama, kwa sababu mbele yapo maporomoko 7 ya Boyoma, yanayofuatana kwa urefu wa kilomita 100 hivi, na la mwisho ndilo la Wagenia. Huko chini nako, kati ya Kinshasa na bahari, yapo maporomoko mengine. Kwa hiyo sehemu ya mto iliyo katikati, ndefu namna hii, ilikuwa kama chumba kisicho na mlango. Merikebu haikuweza kuingia kutoka baharini. Mtu aliyetaka merikebu humo ndani hakuwa na njia ila moja: aifungue yote, abebeshe watu vipande, kisha aiunganishe upya ng'ambo ya maporomoko.

Bwana Stanley alijua shauri hilo mapema. Alipotoka Bagamoyo mwaka 1874 alikuwa na mashua ya mbao, Lady Alice, iliyofungwa kwa vipande, ambayo wapagazi wa Unguja na pwani waliibeba mabegani kuvuka nchi nzima. Mwezi wa Januari 1877 walipita penye maporomoko yetu, wakikata njia msituni na kuburuta mitumbwi juu ya magogo. Vitabu vimejaa jina la Stanley. Wale walioiweka Lady Alice begani mwao na kuishusha kila jioni, wakajua kila kipande na mahali pake, majina yao watu hawayataji. Na lugha hii ninayoandikia ilifika hapa na watu wa namna yao, wale waliofuatana na Stanley na wale waliofuatana na Tippu Tip.

Mwanzoni mwa Desemba 1883 Stanley alirudi, safari hii akipanda mto kutoka Kinshasa na merikebu ndogo 3 za moshi: En Avant, Royal, na A.I.A. Zote zilikuwa zimepita nchi kavu kwa vipande kandokando ya maporomoko ya chini. Akachagua mahali pa kituo penye kisiwa, karibu na Wagenia, na alipoondoka akamwacha Mzungu mmoja tu kukitunza. Mtu huyo hakuwa ofisa wala mfanya biashara. Alikuwa fundi wa injini za merikebu, Mskoti mmoja mfupi aitwaye Binnie. Napenda jambo hili likumbukwe: mkuu wa kwanza wa kituo kilichozaa Stanleyville, nayo ikawa Kisangani mwaka 1966, alikuwa mtu wa mikono yenye grisi.

Lakini habari iliyo nzuri kupita zote ni ile ya merikebu Peace, maana inaonyesha wazi kazi ya kuunganisha ni kazi gani. Peace ilikuwa mali ya misioni ya Wabatisti wa Uingereza. Iliundwa London na karakana ya Thornycroft, ikajaribiwa katika mto Thames mwaka 1882. Urefu wake ulikuwa kama meta 21, na chini yake ilizama majini sentimeta 30 hivi tu, ili isikwame penye mchanga. Kisha ikafunguliwa yote, bamba kwa bamba, bomba kwa bomba, ikawa mizigo 800 hivi, kila mzigo wa kadiri ya kichwa cha mtu mmoja. Wapagazi wakaibeba mpaka juu ya maporomoko, mahali pa Kinshasa ya leo.

Wafundi waliotumwa kutoka Uingereza kuja kuiunganisha wakafa, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuigusa kazi. Ikabaki chungu ya vyuma kandoni mwa mto. Mkuu wa shughuli ile, mchungaji George Grenfell, angeweza kungoja wengine tena. Yeye mwenyewe hakuwa fundi wa merikebu. Alijua kidogo habari za vyuma tu, kwa sababu katika ujana wake alifanya kazi Birmingham katika nyumba ya biashara ya vyombo vya chuma na mashine. Akaamua kuanza. Akapanga mizigo, akatafuta kipande kinacholingana na kipande, yeye na vijana Waafrika waliokuwa pamoja naye, wakagonga misumari ya chuma kwa moto, bamba moja baada ya jingine. Mwezi wa Juni 1884 Peace ikashushwa majini, moto ukawashwa chini ya birika, nayo ikaenda. Kabla ya mwaka kwisha Grenfell alikuwa amepanda nayo mpaka maporomoko yetu.

Grenfell hakuwa wa Kanisa letu, lakini tendo jema halina haja ya kuulizwa cheti. Nami natazama zaidi matunda yake. Mtu aliyeunganisha mtambo kwa mikono yake hahitaji kumwita mtu kutoka mbali kila unapokohoa. Kwa miaka mingi Peace ilizunguka katika mto mkubwa na mito yake midogo, mahali pasipo duka la vipuri wala karakana, kuni zikikatwa kila jioni msituni kwa safari ya kesho. Ilipoharibika, ilitengenezwa papo hapo. Kijana Disasi Makulo, aliyetekwa na watu wa Tippu Tip akakombolewa mwaka 1883, alikulia kwa Grenfell na kusafiri naye mtoni. Habari za maisha yake zimehifadhiwa, na zafaa kusomwa na kila mtu wa Tshopo.

Baada ya hapo ikaja reli. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu ilianzishwa mwaka 1902, na mwaka 1906 njia ya kutoka Stanleyville, ng'ambo ya kushoto huko Lubunga, mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ikafunguliwa: kilomita 125 hivi za kuyakwepa maporomoko. Vichwa vya treni, mataruma na vyuma vyote vilipanda kwa mto, na merikebu zilizofanya kazi juu ya Ubundu zilipitishwa vipande vipande zikaunganishwa huko. Hata mwaka 1915 reli na merikebu zilikuwa zimeunganisha mji wetu na ziwa Tanganyika, penye Kalemie ya leo.

Na penye ziwa hilo ipo habari ya injini ambayo lazima niitaje, ingawa ni ya ng'ambo ya pili, Kigoma. Wajerumani waliunda merikebu kubwa, Graf von Götzen, katika mji wa Papenburg mwaka 1913. Wakaifungua, wakaitia katika makasha kama 5,000, wakaipeleka kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli na wapagazi mpaka Kigoma. Wafundi 3 wa Papenburg wakaiunganisha pamoja na wenyeji wengi, ikaingia majini Februari 1915. Vita vilipowalemea, mwezi wa Julai 1916, Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe isije ikachukuliwa. Lakini wale wafundi, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini grisi nyingi kila mahali. Hawakuweza kuua kazi ya mikono yao.

Merikebu ikalala chini ya maji karibu miaka 8. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, waliona injini na mabirika bado yanafaa. Wakaisafisha, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ikaenda kwa mvuke wa injini zile zile zilizolala ziwani, mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli. Mtu akisema injini imekufa kwa sababu imekaa nyuma ya nyumba misimu 2 ya mvua, mkumbushe habari ya Liemba.

Sitaeleza kwa urefu mambo yaliyoupata mji wetu baadaye. Wazee wanayajua kuliko mimi. Vita vya mwaka 1964, uasi wa askari wa kukodiwa wa mwaka 1967, uporaji wa mwaka 1991, vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998. Kila mara karakana zilivunjwa na vyuma vikatawanyika. Vita vya mwaka 1998 viliukata mto katikati, merikebu za Kinshasa zisifike. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana hapa mjini kwa siku 6, watu wengi sana wakafa majumbani mwao.

Nataja hayo kwa sababu moja. Katika miaka ile ya taabu kilichoulisha mji hakikuwa mtambo mkubwa. Ilikuwa baisikeli, iliyowekewa nyuma kiti cha mto wa sponji, iitwayo toleka, yaani "tupite" kwa Kilingala. Vijana wa toleka walibeba abiria, wagonjwa, magunia ya muhogo, mikungu ya ndizi, hata maiti kwenda kuzikwa. Na kila toleka ilikuwa imetengenezwa kwa vipande vya baisikeli nyingine 3 au 4 zilizokwisha kufa. Ndugu zetu wa Goma nao wana chukudu yao, ya mbao tupu, yenye mpira wa tairi kuukuu kwenye magurudumu, ambayo kwayo mtu mmoja hushusha mzigo mkubwa kutoka milimani. Watu wa mji ule wameijengea sanamu. Toleka nayo, ingawa pikipiki zimekwisha kuchukua nafasi yake kubwa, mimi naona inastahili sanamu.

Mtoni nako, merikebu za kampuni ya serikali zilipopungua, watu walijiundia mashua kubwa za mbao, ziitwazo balenieri, wakazitia injini za dizeli zilizokwisha tumika mahali pengine. Bila hizo vijiji vingi vya kandoni visingeuza mahindi wala kununua chumvi. Lakini hapa ndipo niwape haki wazazi wenye hofu. Mwezi wa Aprili 2025, karibu na Mbandaka, mashua ya mbao ya injini, HB Kongolo, iliwaka moto na kupinduka. Watu zaidi ya 140 wakafa, na ilielezwa kuwa moto ulitoka kwenye jiko la kupikia lililokuwa humo ndani. Ajali za mashua zilizozidishwa mzigo, zikisafiri usiku bila taa, twazisikia kila mwaka. Injini iliwaka vizuri, mashua ikaelea vizuri, lakini hapakuwa na mtu aliyefikiri juu ya siku ya kusimama ghafula, au ya kutoka humo upesi. Kuunda kitu kiende ni nusu ya kazi tu.

Kwa hiyo nikirudi kwa kijana na gokati yake, naona kwamba ni heri ajifunze nusu zote mbili kwenye kigari cha magurudumu 4, juu ya uwanja, kuliko aje kuijifunza nusu ya pili akiwa na abiria 200 nyuma yake.

Tuseme basi kijana wa Makiso au wa Mangobo amepata injini. Huku kwetu iliyo rahisi kupatikana ni ya mashine ya kutolea umeme, kwa sababu umeme wa mto Tshopo haufiki kila nyumba, na mashine hizo huchakaa kila siku. Mara nyingi mashine hutupwa kwa sababu sehemu ya umeme imeungua, na injini yenyewe bado nzima. Ikiwa haiwaki, imekosa kitu kimoja katika vitu 3: cheche, mafuta, au mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Afungue plagi atazame cheche. Asafishe kabureta. Avute kamba asikie kama injini yamkataza mkono wake. Ikiwa haimkatazi kabisa, pistoni au vali zimechoka, na hapo kazi ni kubwa zaidi.

Injini ya mashine ya umeme ina faida moja juu ya ile ya Ingels: ekseli yake hutoka kwa ubavuni, basi mnyororo hufungwa moja kwa moja. Ya mashine ya kukatia nyasi kwa kawaida ekseli hutoka chini, na ukiilaza injini ya namna hiyo, ikiwa hutumia oili iliyotulia chini ya tumbo lake, oili haitafika mahali pake na injini itajiua. West Bend ya mwaka 1956 ilinusurika kwa sababu oili yake ilichanganywa na petroli, ikafika kila mahali pamoja na mafuta. Injini ya msumeno nayo ni ya namna hiyo, tena ni nyepesi, na hufanya kazi imelala au imesimama; ubaya wake huzunguka upesi mno, ikahitaji kupunguzwa sana kabla ya kufika gurudumuni.

Hesabu ya mwendo si ngumu, na mwalimu wa shule aweza kuitumia darasani. Mashine ya umeme imewekwa izunguke mara 3,000 kwa dakika. Gia ndogo ya mnyororo kwenye injini ikiwa na meno 10, na kubwa ya kwenye ekseli ya nyuma ikiwa na meno 60, ekseli itazunguka mara 500 kwa dakika. Gurudumu la upana wa sentimeta 28 likizunguka mara moja hutembea sentimeta 88. Basi kwa dakika kigari kitakwenda meta 440, na kwa saa kilomita 26 na kidogo. Huo ni mwendo wa kutosha kabisa kwa mtu aliyekaa karibu na ardhi. Kijana akitaka upesi zaidi atapunguza meno ya nyuma, lakini ataona kigari hakina nguvu tena ya kuondoka mahali pake. Hakuna apataye vyote viwili kwa injini ile ile.

Kati ya injini na mnyororo lazima iwepo klachi, kama ile ya pikipiki ndogo inayojishika yenyewe injini ikiongeza mwendo na kujiachia ikipunguza. Bila hiyo, kigari kitaruka mbele mara tu injini inapowaka, mwenyewe yupo ndani au hayupo.

Jambo moja huwashangaza wengi. Katika motokari, gurudumu la nje na la ndani penye kona huzunguka kwa mwendo usio sawa, kwa sababu ya gia zilizo katikati. Gokati haina gia hizo: magurudumu 2 ya nyuma yameshikana na ekseli moja. Penye kona, la ndani lingeburutwa na kukizuia kigari kisigeuke. Kwa hiyo fremu huachwa inyumbuke kidogo, na magurudumu ya mbele huwekwa kwa pembe, ili usukani ukikatwa gurudumu la ndani la nyuma liinuke kidogo, lipite. Fundi anayekaza fremu kwa vyuma vingi, akidhani anaiongezea uzima, huharibu kazi. Nayo ndiyo sababu ya kukosa springi: fremu yenyewe ndiyo springi.

Kwa habari ya breki, ekseli ikiwa moja breki 1 ya nyuma yaweza kusimamisha magurudumu yote 2, na ya pikipiki iliyokufa yafaa, mradi vitambaa vyake viwe vipya. Hicho ni kitu kimoja ambacho sikubali kitoke jalalani. Mnyororo nao ufunikwe kwa bati, maana nguo ndefu na vidole vya watoto vikinaswa, injini haijui kuacha. Tangi la petroli liwe mbali na bomba la moshi. Swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta.

Na mahali pa kuendeshea pasiwe barabara. Wale wa Pasadena walifukuzwa na polisi hata penye uwanja mtupu; barabara zetu zina malori, pikipiki na mama wenye beseni kichwani. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi, mkuu wa shule akikubali, unatosha. Kwanza kigari kipelekwe huko bila injini. Wenzake wakisukume kutoka kwenye mteremko, mwenyewe ashike usukani, akanyage breki, mara 20, mara 30, mpaka kisimame kila mara penye mstari uliochorwa chini. Injini ifungwe siku ya mwisho.